Fundi Aliyeipa Mgongo Televisheni

Nilimjua kwa masikio kabla ya kumjua kwa macho. Kati ya saluni yangu na chumba chake pale Rusimbi, Kigoma, palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na ukuta ule haukuwahi kuficha kitu. Siku ya kwanza ninafungua saluni, nimeshika kichwa cha mteja, nikasikia upande wa pili mwanamke anapiga kigelegele. Nikasema moyoni, majirani hawa wana furaha. Kikapigwa tena, kile kile, na kikohozi kile kile nyuma yake. Kilipofika cha kumi na nne mteja wangu akageuza shingo, nywele nusu ziko mkononi mwangu, akaniuliza, "Dada, huyo wa huko ni mzima kweli?"

Alikuwa mzima kuliko sisi. Kigelegele kilitoka kwenye kompyuta yake, naye alikuwa anatafuta mahali pa kukianzisha kwenye picha.

Rusimbi ina mafundi wa kila kitu, wa cherehani, wa baiskeli, wa redio, wa kuchomelea mageti. Lakini ukisema "Fundi" ukanyamaza, mtu atakuonyesha mlango wake. Kazi yake ilikuwa picha za harusi. Wapigapicha walimpelekea kadi zilizojaa saa sita, saa saba za sherehe, naye anatoa saa moja na nusu ambayo ukoo utaitazama mpaka wajukuu. Vijana walisema anaediti. Yeye alisema anakata. "Kupiga picha ni kuvua," aliniambia, "na siku hizi kila mtu ana wavu. Mimi ndiye ninayekaa na kisu nikiamua utakula nini na paka atakula nini."

Alijifunzia wapi sijui. Nilimuuliza, akasema, "Kwa kukosea." Nikauliza alikosea wapi, akasema, "Mwanangu, chai inapoa."

Alikuwa mfupi, mzito kidogo, miwani yake imefungwa uzi wa kijani upande mmoja. Mezani palikuwa na kompyuta aliyoifungua ubavu ipate hewa, feni ndogo ya kuipepea, chupa ya chai, na sahani ya dagaa wa kukaanga aliowatafuna kama karanga. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mimi huku natukana, dryer imezimika na kichwa cha mtu kibichi. Yeye hatukani. Anaweka mikono mapajani, anakitazama kioo cheusi. Siku moja nilichungulia nikamuuliza, "Fundi, unafanya nini sasa?" Akajibu bila kugeuka, "Naendelea." Umeme uliporudi alibofya mara nne tano, na kipande kizima kikawa tayari. Jamani, mimi nilirudi saluni nikakaa chini. Kuna watu Mungu amewawekea kioo cha pili ndani ya kichwa.

Shule mimi niliishia kidato cha pili, na ndoto zangu ni nyingi kuliko wateja wangu. Mtu nikimsuka namsimulia filamu nitakayoitengeneza, ya ziwa letu, ya wanawake wanaoanika dagaa Kibirizi, yenye mapenzi ndani na mvua. Wateja hunicheka kwa upendo. Fundi hakucheka. Aliniuliza tu, "Unaanzia wapi?"

"Naanzia mwanzo."

"Mwanzo wa nini? Wa ziwa?"

Tangu siku ile, kila tukionana, badala ya habari za asubuhi: "Shikamoo, Fundi." "Marahaba. Umeshajua unaanzia wapi?" Miaka mitatu, nakuambia.

Alikuwa na msemo wake mmoja, na kama ningekuwa na uwezo ningeuandika juu ya mlango wa kila banda la video: "Picha mbili zikikaa jirani, watu wanaziozesha wenyewe. Mimi si padri wala si shehe. Mimi naziweka jirani tu."

Sikuuelewa mpaka aliponitendea. Alinipiga picha kwa simu nikiwa nimeegemea mlango, siwazi chochote, nasubiri maji yachemke. Akanikata hapo uso mtupu, sekunde tatu. Jioni aliwaita wateja wangu wawili waje watazame. Kwanza uso wangu, halafu pikipiki inakata kona. "Anamsubiri mtu huyo," akasema mmoja, "na mtu mwenyewe haaminiki." Halafu uso wangu ule ule, na baada yake wingu jeusi linashuka juu ya ziwa. "Ameanika nguo huyu," akasema wa pili, "masikini, na nyumbani hakuna mtu." Uso ni ule ule! Mimi nilikuwa nasubiri maji! Nilicheka mpaka nikashika ukuta, lakini usiku kitandani niliogopa kidogo. Nilijiuliza ni watu wangapi nimewasoma hivyo maishani, kwa sababu tu ya kilichowekwa karibu nao.

Kuna harusi moja bado inasimuliwa. Bwana harusi gari lilimharibikia njiani, pale Mwandiga, akafika kanisani amechelewa, shati limelowa. Aibu tupu. Familia ikamwomba Fundi aifute habari hiyo yote. Hakuifuta. Mpigapicha mmoja alikuwa ndani ya gari lile na mwingine alikuwa na bi harusi, basi Fundi akazichukua kadi zote mbili akawa anakupeleka huku na huku: tairi limekaa shimoni, mkono wa bi harusi unavuruga kitambaa. Dereva chini ya boneti, padri anatazama saa. Huku anakuacha kidogo, kule kidogo, kila ukirudi kidogo zaidi, mpaka huna nafasi ya kuvuta pumzi. Siku ya kuitazama, bwana harusi mwenyewe amekaa pale na mkewe, ndoa ina miezi miwili, na bado mjomba mtu mzima aliruka kutoka kwenye kochi akapiga kelele, "Dereva, kanyaga, tutaaibika!" Gari lilipoingia uwanja wa kanisa watu waligonganisha viganja kama timu imefunga. Aibu ikageuka kuwa sifa ya nyumba ile. Na hakuongeza kitu. Alipanga tu.

Na vigelegele vile vya siku ya kwanza? Alikuwa anaviweka kabla ya mlango kufunguliwa. Unaona mlango wa mbao umefungwa, mtupu kabisa, halafu unasikia kigelegele kimoja huko nyuma yake. "Sikio liingie kwanza," alisema. "Jicho likichelewa linakimbia." Ukiitazama unajikuta umeinama mbele, na bi harusi hata hajatokea.

Sasa nikueleze desturi yake, maana habari yangu yote imekaa humo. Kabla ya kukabidhi kazi, Fundi alilazimisha familia waje waitazame. Si bi harusi na bwana harusi peke yao. Wazee, mashangazi, na watoto. Akifika kwao anaweka televisheni, anaagiza kila mtu apewe soda, kisha anachukua kiti chake, anaipa televisheni mgongo, anakaa akiwatazama watu. Saa moja na nusu. Daftari dogo gotini. Kwenye kioo watu wanacheza, wanalia, yeye haoni hata picha moja. Anaona macho yenu.

"Mkono ukienda kwenye soda," alinieleza, "mimi nimechelewa kukata."

Akiona mikono miwili mitatu imenyooka pamoja, anaandika dakika. Kesho yake hapo mahali hapapo tena. Kwa njia hiyo alimkata mzee mmoja wa Ujiji hotuba yake ya dakika ishirini ikabaki dakika mbili, na mzee yule alipanda mpaka Rusimbi na mkungu wa ndizi kumshukuru. "Wewe peke yako ndiye uliyeiacha hotuba yangu nzima," akasema. Fundi akazipokea ndizi kwa mikono miwili, uso umetulia kama wa mtawa.

Sitaki umdhanie malaika. Alikuwa na mdomo. Na huyu mtu aliyejua dakika na nusu dakika, ukizungumza naye hakuachi umalize: anakukata, anaruka mbele, anakwambia mwisho wa habari yako mwenyewe. Lakini akianza yeye kusimulia jinsi alivyonunua samaki mmoja wa mgebuka, utasuka kichwa kizima hajafika sokoni. Aliwaonyesha watu wote wa mji huu na yeye hakukubali kupigwa picha. Ukiinua simu anainua daftari. Wapigapicha walimchukia kwa sababu aliwaambia ukweli. "Umempiga huyu dada kama unatafuta mwizi," alimwambia mmoja mbele yangu. Yule kijana akasema, "Fundi, na wewe bwana!" Akajibu, "Bwana hayupo. Kapige tena mikono yake, ina hina nzuri umeiacha."

Kwa imani yake, kila aliyevaa nguo mpya lazima aonekane. Awe mlevi, awe mgomvi, atamtafutia sekunde mbili alizokaa vizuri. "Amekopa hadi viatu huyu," angesema, "nimfute mimi?" Akachambua kadi saa nzima kutafuta hizo sekunde mbili.

Basi ikafika zamu yetu.

Kaka yangu alimwoa muuguzi kutoka Songea, aliyeletwa Kigoma na kazi. Baba yetu alikuwa mjenzi wa mitumbwi Kibirizi, Muha wa kale, maneno yake ya kuhesabu. Siku kaka alipomleta mchumba nyumbani, Baba alimpa salamu ya Kiha, "Mwakeye," binti wa watu akabaki amesimama, hajui ajibu nini. Baba akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mbao zake. Tangu hapo wifi yangu alijiona ameshindwa mtihani.

Harusi tulifanyia nyumbani, chini ya turubai, mchana. Viti vyetu na vya majirani tulivivisha vitambaa vyeupe na utepe, ukivitazama vyote vinafanana. Siku nzima wifi, kila akiinua macho kutoka meza ya maharusi, alikuwa anamwona Baba pale meza ya wazazi: mgongo wima, mikono imebana magoti, uso umekunjwa kama anayetazama mawimbi mabaya. Hakuegemea. Hakucheka. Wazazi walipoitwa kucheza, Mama aliinuka, yeye hakuinuka.

Wiki ya tatu baada ya harusi, Baba akaanguka pale pale kwenye mbao zake. Hakufika hospitali.

Nyumbani hatukulizungumza, ila siku moja nikimsuka, wifi alisema polepole, "Wifi, mzee amekufa hajanipokea." Nikamwambia si kweli. Akasema, "Ulikuwepo. Ulimwona anavyonitazama." Nilimwona. Nikaendelea kusuka. Halafu akaniambia ameshajaza fomu ya uhamisho, arudi kusini, iko kwenye bahasha ya kaki, anasubiri tu kumwambia mume wake. "Siwezi kukaa kwenye nyumba ambayo mwenyewe alininyima." Kaka alikuwa fundi mitumbwi kama Baba, hana ziwa lingine la kuhamia. Na Mama alikuwa na eda ya moyoni, hali chakula, halali usingizi, anayemlisha ni huyo huyo wifi.

Nikaenda kwa Fundi, picha zetu alikuwa bado anazo. Nikamweleza yote, mpaka ya bahasha. Kwa mara ya kwanza hakunikata. Nilipomaliza nikamwomba, bila aibu: "Fundi, wewe unaweza. Tafuta mahali Baba amecheka, muweke jirani na wifi. Watu wataziozesha wenyewe."

Akaniuliza, "Alicheka?"

"Asubuhi, mwenzake wa Kibirizi alipopeperushiwa kofia na upepo wa ziwa. Mpigapicha alikuwepo."

Akaitafuta. Akaikata kofia nje, akabaki Baba peke yake, meno nje, macho yamefumba. Akachukua wifi anaingia turubaini, anainua shela. Wifi, halafu Baba. Jamani. Nililia pale pale kwenye kiti chake. Baba yangu alikuwa anamchekea mkwewe mbele ya macho yangu, na mimi ninayejua habari ya kofia niliamini.

"Lete Mama yako na kaka yako," akasema Fundi. "Wifi muache kwanza."

Walikuja Jumamosi, wifi akiwa zamu. Fundi akaipa televisheni mgongo, akakaa na daftari. Kilipofika kipande kile kaka alifuta uso kwa mkono. Mama hakufuta kitu. Mama, ambaye tangu msiba alikuwa hasemi, akasema, "Simamisha."

Fundi akasimamisha.

"Hapo anamcheka mtu."

"Mama," nikaanza, "hapo anamtazama..."

"Nyamaza, mwanangu. Mimi nimeishi na meno hayo. Hilo ni cheko la kumcheka mtu, kaanguka au kapoteza kitu. Mimi mkewe hakunichekea hivyo hata siku moja." Akajifunika kanga vizuri. "Yule mzee akimpenda mtu hakuwa anacheka. Alikuwa anakunja uso, anatafuta ni nini kitakachomwumiza."

Fundi alifunga daftari. Sijawahi kumwona ameaibika, ila siku ile shingo yake iliinama kama ya mwanafunzi. "Nisamehe, mama," akasema. "Nimewatazama watu miaka yote, nikamsahau anayeujua uso kuliko kamera." Akageuka, akakifuta kipande kile mbele yetu, na kwenye pipa la taka la kompyuta pia akakifuta. Niliona bahasha ya kaki inasafiri kwenda Songea.

Siku nne zilizofuata ukuta wetu ulinyamaza. Hakuna kigelegele, hakuna muziki, hata feni sikuisikia. Alikuwa amezima sauti zote anatazama kadi za harusi yetu kutoka mwanzo, hata zile ambazo kazi yake huanza kwa kuzitupa: kamera inaelekea ardhini, kamera imesahauliwa, kamera inapiga goti la mtu. Siku ya nne akagonga mbao kwa ngumi. "Mwana wa ukutani! Acha hicho kichwa, njoo!"

Mteja akasema, "Nenda, mimi sitakimbia, nina misuko mitatu."

Lakini Fundi hakunionyesha. Aliniambia tu, "Jumapili nakuja kwenu. Wifi awepo. Nunueni soda."

Jumapili tulikaa sebuleni, Mama, kaka, wifi, mimi, na mashangazi wawili. Fundi akaipa televisheni mgongo. Nilijua desturi yake, picha zake hazizidi sekunde tano sita, kwa hiyo nilishangazwa na mwanzo ule. Meza ya maharusi, tupu. Hakuna mtu. Mpigapicha alikuwa ameiacha kamera kwenye stendi akaenda kula, nayo ikaendelea peke yake. Vitambaa vyeupe vinapepea. Kutoka mbali barabarani yanasikika matarumbeta ya maharusi wanaokuja. Nikahesabu kumi, ishirini. Fundi anakata nini huyu?

Ndipo Baba akaingia kwenye picha, na koti lake la kuazima. Akatazama kushoto na kulia kama mwizi wa mihogo. Akaenda kwenye kiti cha bi harusi. Hakukaa. Alikishika mgongo kwa kiganja, akakitikisa kama anavyotikisa ubavu wa mtumbwi kabla ya kuuingiza majini. Koo, koo. Mguu mmoja ulikuwa mfupi. Akapiga magoti, akauchunguza, akajipapasa mifukoni, hana nyundo, hana kitu. Matarumbeta yanakaribia. Akainuka, akakibeba kiti kile akatoka nacho kwenye picha. Meza ikabaki na pengo. Akarudi na kiti kingine, cheupe vile vile. Akakitikisa. Kimya. Akakitikisa tena. Akavuta mkono wa koti mpaka ukafunika kiganja, akakipangusa pale pa kukalia, taratibu, pembe mpaka pembe. Kisha akatoka.

Dakika mbili na zaidi, hakuna mkato hata mmoja. Hakuna mkono ulioigusa soda.

Halafu Fundi akakata. Wifi anaingia, anainua shela, anakaa kwenye kile kiti. Na jirani yake, Fundi akamweka Baba, uso ule ule uliomtesa wifi: mgongo wima, mikono imebana magoti, haegemei, hacheki. Ila sasa sote tulijua amekalia nini.

"Mungu wangu," akasema shangazi mmoja, "alikuwa anakishikilia kisianguke!"

Mama akacheka. Tangu msiba alikuwa hajacheka. "Na ndiyo maana hakuinuka kucheza mzee yule! Angeinuka, wewe dada ungekikimbilia, ungeanguka mbele ya wakwe." Shangazi akasema, "Mimi tena?" Mama akasema, "Nani mwingine anagombania viti?" Wote tukacheka na machozi yanatoka, isipokuwa wifi. Wifi alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

Akainuka, akaingia chumbani. Kaka akataka kumfuata, Fundi akamzuia kwa daftari. Tukasikia droo. Wifi akatoka na bahasha ya kaki. Akaenda kona ya sebule kilipokuwa kiti cha Baba, ambacho tangu afe hakuna aliyekikalia, akakitikisa. Koo, koo. Kilikuwa ndicho. Akaikunja bahasha mara mbili, mara nne, na fomu yake ndani, akapiga magoti akaisukuma chini ya ule mguu mfupi. Akakitikisa tena. Kimya. Kisha akakaa, mgongo wima, mikono magotini, uso ameukunja.

Kaka hakujua ile bahasha ni ya nini, na mpaka leo sijui kama anajua.

Nikamtazama Fundi. Mkono wake ulikuwa umenyooka unatafuta soda na hauioni chupa, miwani imejaa maji.

Siku hizi chumba chake kinauza vifurushi vya simu. Watu wanajikatia wenyewe kwenye simu, wanaweka maua yanayodondoka na nyimbo za kelele, na macho ya Fundi yameingia ukungu. Alihamia Ujiji kwa ndugu. Mimi bado nasuka, bado nasimulia, ukuta wa mbao bado upo na sasa unanyamaza kupita kiasi.

Mwezi uliopita wifi alimbatizisha mtoto wake wa pili, tukamwalika Fundi. Nilimpokea getini nikamshika mkono, umekuwa mwepesi. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba, mwana wa ukutani. Umeshajua unaanzia wapi?" Nikacheka, nikamwongoza hadi chini ya turubai. Viti ni vyeupe vile vile, utepe ule ule.

Wifi akatuona. Akamkabidhi Mama mtoto, akaja. "Mwakeye, Fundi," akamwamkia, Kiha kimemkaa mdomoni kama alizaliwa nacho. Kabla Fundi hajakaa, akakishika kiti kwa kiganja. Koo, koo. Akakiweka pembeni. Akavuta kingine, akakitikisa. Kimya. Akakitikisa tena. Akavuta ncha ya kanga yake akakipangusa, pembe mpaka pembe, akaenda kumchukua mtoto.

Fundi alikuwa amesimama, uso ameuelekeza upande, sikio mbele. "Amekijaribu?" akaninong'oneza.

"Amekijaribu."

"Mara mbili?"

"Mara mbili, Fundi. Na amekipangusa."

Akakaa kwa uzito wake wote, akaegemea, macho yake ya ukungu yameelekea watu kama zamani. Kisha akanigeukia.

"Hiyo ungeikata wapi?"

"Nisingeikata."

"Na mikono ikienda kwenye soda?"

"Waache wanywe, Fundi."

Akacheka, bega lake likagonga langu, akapapasa hewani mpaka akapata mkono wangu. "Haya," akasema, "sasa niambie tena, polepole, nilikuwa sioni."

Nikaanzia kwenye kiti.